Kuusikiliza Mwili

Mwili ni jirani wa karibu kuliko majirani wote. Tumeishi naye chini ya paa moja tangu siku ya kuzaliwa, hatujapata kulala mbali naye hata usiku mmoja, na siku atakapohama hatutabaki nyuma kumuaga. Walakini wako watu wengi, tena wenye akili na vyeti, wasioifahamu lugha yake. Huijua lugha ya mama, hukijua Kiswahili na Kiingereza, lakini mguu wao wenyewe ukinena hawaelewi umenena nini mpaka upige kelele.

Insha hii ni juu ya lugha hiyo, na juu ya swali gumu linalofuata baada ya kuifahamu: mwili ukisema "acha," je, ni wajibu wetu kuacha? Nimeuchagua mchezo wa mbio uwe njia ya kulichunguza swali hili kwa sababu ndani ya mbio mwili husema sana, na kwa sababu wewe, msomaji, huenda umekwisha kukimbia mbio za nyika shuleni, ukaonja kidogo mambo ninayotaka kuyataja.

Chukua mfano wa Kimbo, mtaa ulio kati ya Ruiru na Juja, kando ya barabara kuu iendayo Thika. Ukitoka nje saa kumi na mbili asubuhi utawakuta wakimbiaji wamekwisha kutangulia. Wako vijana wanaojiandaa kwa mashindano, wako akina mama wanaotaka kupunguza uzito, na wako wazee walioonywa na daktari juu ya shinikizo la damu. Wachache hukimbia kandokando ya barabara kuu yenyewe, ile iliyopanuliwa na kufunguliwa rasmi mwaka 2012. Wengi hushika njia za ndani, upande wa Matangi, penye udongo mweusi unaonata viatuni wakati wa masika na kupasuka kama ngozi ya mamba wakati wa kiangazi. Mahali hapa pako zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na pafu la mgeni kutoka pwani hulijua jambo hilo kabla ya mgeni mwenyewe. Watazame vizuri watu hao. Wengi wao wametia masikioni vifaa vidogo vya kusikilizia muziki, ambavyo katika insha hii nitaviita visikilizio.

Hatari ya kwanza ya visikilizio haina falsafa ndani yake, nami nitaipita upesi. Katika njia zile hupita malori ya mawe ya kujengea, hupita matatu zenye haraka, na bodaboda hutokea mahali ambapo hakuna aliyedhani kuwa ni njia. Siku hizi zimeanza kuonekana pikipiki za umeme, ambazo hazina ngurumo ya kumwonya mtu. Aliyeziba masikio yake mawili katika njia ya namna hiyo amewakabidhi watu wengine ulinzi wa maisha yake, nao hawajui kuwa wamekabidhiwa. Hilo linatosha.

Hatari ya pili ni ya ndani zaidi, nayo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Wala sikusudii kuushutumu muziki. Muziki ni msaidizi wa zamani wa kazi za mwili. Wavuvi wa pwani walivuta nyavu kwa nyimbo. Wakulima wa bara walipokusanyika kumlimia mwenzao walilima kwa nyimbo. Na kinu cha kutwangia kilikuwa na nyimbo zake. Lakini tazama tofauti. Wimbo wa jembe ulitoka katika jembe. Aliyeuongoza alikuwa ameshika mpini mwenyewe. Jua lilimchoma yeye kama lilivyowachoma wenzake. Na mzee wa mwisho katika mstari alipoanza kuchelewa, wimbo nao ulipunguza mwendo ukamngoja. Mwili ulikuwa mtunzi, sauti ikaufuata. Wimbo wa visikilizio umetungwa mahali pengine na mtu asiyejua kwamba wewe uko katika mwinuko wa kutoka mtoni, kwamba jana hukula chakula cha usiku, na kwamba goti lako la kushoto limekuwa likikuuma tangu Jumanne. Wimbo huo hauwezi kukungoja. Ukipunguza mwendo wewe, wenyewe haupunguzi. Na kijana mwenye damu moto huona aibu kuachwa nyuma na wimbo.

Mtu anaweza kunijibu kwa mfano wa Haile Gebrselassie wa Ethiopia. Mwaka 1998, mjini Birmingham huko Uingereza, alivunja rekodi ya dunia ya mita 2,000 ndani ya ukumbi, na alizifuatisha hatua zake na wimbo uitwao Scatman uliokuwa ukipigwa. Mfano huo ni wa kweli, wala siukatai. Lakini mtu yule alikuwa amekwisha kuujua mwili wake kwa miaka mingi ya mbio za kimya, tangu utotoni alipokuwa akikimbia kwenda shule. Aliuchagua wimbo uliolingana na mwendo ambao miguu yake ilikuwa inauweza. Anayeanza hana kipimo hicho. Huuchagua wimbo kwa utamu wake, kisha miguu hulipa gharama.

Wataalamu wameupima msaada wa muziki. Costas Karageorghis wa Chuo Kikuu cha Brunel, London, ametumia miaka mingi kulichunguza jambo hili, na uchunguzi wa namna hiyo umeonyesha mambo mawili ambayo yafaa yawekwe pamoja. La kwanza, mtu anapofanya mazoezi mepesi au ya wastani, muziki humpunguzia hisia ya taabu. Kazi ni ileile, lakini yeye huiona nyepesi. La pili, mwili unapokaribia kikomo cha nguvu zake, muziki hushindwa kuifunika taabu. Uchovu hupita juu ya wimbo kama maji ya mafuriko yapitavyo juu ya daraja. Pima maana ya mambo haya mawili. Muziki huifunika sauti ya mwili wakati ule sauti hiyo ni ya upole, wakati wa kujifunza. Nayo sauti ikiisha kuwa kelele, muziki hauna msaada tena. Mtu aliyekimbia mwaka mzima ndani ya nyimbo huusikia mwili wake kwa mara ya kwanza siku unapopiga mayowe, na mayowe si mahali pazuri pa kuanza kujifunza lugha. Tena kanuni za riadha za dunia haziruhusu mkimbiaji kuwa na redio wala simu uwanjani wakati wa kushindana. Siku ya mashindano utakuwa peke yako na mgeni huyo.

Hapa namkumbuka mtaalamu wa Uswidi, Gunnar Borg, aliyetunga kipimo cha ajabu kwa urahisi wake. Humwuliza mtu aliye katika mazoezi: kazi unayoifanya sasa waiona nzito kiasi gani? Mtu hutaja namba kuanzia 6, yaani amestarehe, hadi 20, yaani hawezi kuzidisha tena. Kwa vijana wenye afya, namba hiyo ikizidishwa kwa 10 hukaribia idadi ya mapigo ya moyo kwa dakika. Anayesema 13, aghalabu moyo wake hupiga kama mara 130. Madaktari na walimu wa mazoezi wanakitumia kipimo hicho hata leo, ingawa wana mashine za kuhesabu mapigo. Fikiri: sayansi, ambayo mara nyingi huyadharau maneno ya mtu juu ya nafsi yake, hapa imemwuliza mtu na kuliandika jibu lake. Imekubali kuwa anayesikiliza vizuri anaweza kuyakadiria mapigo ya moyo wake bila ya kuyagusa.

Je, mwili husema nini?

Dakika kumi za kwanza hunung'unika. Manung'uniko hayo si ya kuaminiwa sana. Ni ya mtu aliyeamshwa usingizini, ambaye akiisha kunawa uso husahau alichokuwa akikilalamikia. Viungo bado vikavu, pumzi haijapata mpango, na kila sehemu hudai kurudishwa kitandani. Wengi hukata tamaa hapa wakadhani wamesikia ukweli. Ngoja kidogo. Baada ya dakika hizo sauti hubadilika, na ndipo mazungumzo ya haki huanza.

Isikilize pumzi kwanza. Ukiweza kumwambia mwenzako sentensi nzima bila ya kukatika, mwendo wako ni mwepesi. Ukiweza maneno matatu matatu, ni mkali. Ukiwa huwezi hata neno, jua kwamba unatumia akiba isiyodumu. Kisha zisikilize nyayo. Hili ndilo somo ambalo visikilizio huliiba kabisa, maana nyayo husikiwa kwa sikio hili hili la nje. Miguu miwili yenye afya hupiga ardhi kwa sauti moja, kama watwangaji wawili waliozoeana. Ukisikia mmoja unatua kwa kishindo kuliko mwenzake, umekwisha kuanza kuchechemea kabla hujajua kuwa unachechemea, na kuna mahali panapoogopa kubeba uzito. Tafuta ni wapi.

Maumivu nayo yana kabila zake. Kichomi cha ubavuni hutisha sana na hudhuru kidogo. Punguza mwendo, vuta pumzi ndefu, aghalabu kitapita. Misuli ya paja inayouma pande zote mbili sawasawa siku ya pili ni misuli inayojengwa. Lakini yako maumivu mengine yanayosema kwa sauti ndogo na kumaanisha jambo kubwa. Muundi ukiuma mahali pamoja tu, mahali panapoweza kufunikwa kwa ncha ya kidole, na maumivu yakaendelea hata ukiwa umekaa au umelala, huenda ni ufa mwembamba ulioanza katika mfupa. Mfupa huo ukipumzishwa majuma kadhaa huweza kuunga wenyewe. Ukilazimishwa, unaweza kukatika. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Katika habari hii mkuu ni guu lenyewe. Ama maumivu ya kifua, au kizunguzungu cha ghafula, hayo hayana mjadala: simama, keti, ita mtu, nenda kwa daktari.

Nimekaa sana juu ya mambo ya miguu na pumzi kwa sababu mtu hawezi kulijibu swali la wajibu kabla ya kujua anaambiwa nini. Sasa na tulikabili swali lenyewe.

Wako watakaosema kuwa mwili ni mvivu na mdanganyifu, na anayeusikiliza hataamka asubuhi, hatalima, hatasoma. Wana haki kwa sehemu. Dini zetu zimetufundisha kuukatalia mwili: Mwislamu afungapo Ramadhani, na Mkristo afungapo Kwaresima, tumbo husema "kula" na mtu husema "bado." Mama anayeamka usiku wa manane kumnyonyesha mtoto hakuuliza mwili wake kama umeridhika. Ustaarabu wote umejengwa na watu walioweza kuuambia mwili "subiri." Kama kuusikiliza mwili ni kuutii katika kila jambo, basi mafundisho hayo ni ya watoto wachanga, na mimi nisingethubutu kuyaandika katika kitabu cha wanafunzi.

Lakini kusikiliza ni jambo moja na kutii ni jambo jingine. Tazama baraza la hakimu. Shahidi huitwa, husema aliyoyaona, na hakimu humsikiliza mpaka mwisho. Hakimu hafungwi na maneno ya shahidi. Anaweza kuyakubali, anaweza kuyakataa, anaweza kuyapima na maneno ya wengine. Jambo asiloruhusiwa ni kumziba shahidi kinywa kisha akatoa hukumu. Hukumu ya namna hiyo, hata ikitokea kuwa sawa, ni dhuluma. Mwili katika mbio ni shahidi. Si mfalme wa kutiiwa wala si mtumwa wa kupigwa. Mfungaji wa Ramadhani anaijua njaa yake vizuri kuliko mtu yeyote. Ameisikia, akaipima na ahadi yake kwa Mungu, akaamua. Na dini yenyewe imempa ruhusa mgonjwa na msafiri wale, kisha walipe siku nyingine. Maana yake shahidi amesikilizwa hata huko.

Siku moja ya zamani imelionyesha jambo hili kuliko hoja zangu zote. Ni tarehe 20 Oktoba 1968, katika Michezo ya Olimpiki mjini Mexico City, mji ulio juu kiasi cha mita 2,240, ambako pumzi ni haba kuliko Kimbo. Siku hiyo Waafrika watatu wa pande zetu waliambiwa "acha" na miili yao, na kila mmoja alijibu kwa namna yake.

Wa kwanza ni Abebe Bikila wa Ethiopia. Alikuwa bingwa wa marathoni mara mbili. Mwaka 1960 mjini Rome alishinda bila ya viatu, kwa kuwa viatu alivyopewa havikumkaa vizuri na nyayo zake zilikuwa zimezoea ardhi. Huyo, kwa hakika, alijua kuzisikiliza nyayo. Mwaka 1964 mjini Tokyo alishinda tena, majuma machache tu baada ya kupasuliwa tumbo kwa ugonjwa wa kidole tumbo. Kwa hiyo hakuwa mtu wa kuogopa maumivu. Mwaka 1968 alikuwa akiutafuta ushindi wa tatu, jambo ambalo hakuna aliyepata kulifanya. Mguu wake ulikuwa na jeraha. Baada ya kilomita 16 hivi alitoka njiani, akaacha. Mwenzake Mamo Wolde akaendelea, akashinda, na heshima ikabaki Ethiopia.

Wa pili ni John Stephen Akhwari wa Tanzania, katika mbio zilezile. Alianguka njiani, goti likaumia vibaya. Wakimbiaji walioanza walikuwa 75. Waliomaliza walikuwa 57, naye alikuwa wa mwisho wao, zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Aliingia uwanjani jioni akichechemea, goti limefungwa kitambaa, watu wengi wamekwisha kwenda zao. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwa maana hii: kwamba nchi yake haikumtuma safari ndefu vile aanze mbio, ilimtuma azimalize.

Je, yupi kati ya hao wawili alifanya haki? Wanafunzi niliowauliza hutaja jina la Akhwari kwa sauti moja, na mimi siwalaumu, maana habari yake huuinua moyo. Lakini tusimwonee Bikila. Yeye alimsikiliza shahidi akaona kwamba kuendelea kungeharibu mguu bila ya kuleta ushindi, na kwamba kulikuwa na mwenzake wa kuibeba bendera. Akhwari naye alimsikiliza shahidi huyohuyo, lakini kwake yeye kulikuwa na ahadi katika mizani, ahadi kwa nchi iliyokuwa changa, na hapakuwa na mwenzake wa kuitimiza kwa niaba yake. Tena angalia jambo ambalo wasimulizi hulipita: hakukimbia kana kwamba goti ni zima. Alikubali kufungwa kitambaa, alichechemea, alitembea palipostahili kutembea. Aliukatalia mwili kuacha, lakini aliukubalia mwendo. Ndiyo sababu aliweza kukimbia tena. Mwaka 1970 alikuwa wa tano katika marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh. Na wale 18 walioacha njiani pamoja na Bikila? Hakuna anayewaimba, wala hakuna mwenye haki ya kuwaita waoga, maana hatukuwa ndani ya miguu yao.

Wa tatu ni Kipchoge Keino wetu. Alikuwa anaugua ugonjwa wa nyongo, na katika mbio za mita 10,000 siku chache kabla maumivu yalimwangusha nje ya njia. Madaktari walimkataza kuendelea na mashindano. Yeye akaja siku ile ya tarehe 20, akakimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 34.9, akamwacha Jim Ryun wa Marekani nyuma kwa mbali. Kila mtoto wa Kenya amefundishwa kuifurahia habari hiyo, nami naifurahia. Walakini naiogopa kidogo inapofika darasani. Tunaijua kwa sababu ilikwisha vizuri. Wale waliowakaidi madaktari wakaanguka hawakuandikwa katika vitabu vya shule, na kijana asomaye vitabu hivyo hudhani kwamba ukaidi huzaa nishani siku zote. Keino alikuwa mtu mzima wa miaka 28, mkimbiaji wa miaka mingi, aliyeambiwa hatari yote akaichagua kwa macho wazi. Mvulana wa kidato cha pili anayemeza vidonge vya maumivu ili muundi wake unyamaze siku ya mashindano ya wilaya hajachagua kitu. Amemziba shahidi kinywa kwa dawa, kama mwingine azibavyo kwa wimbo.

Zaidi ya miaka 50 baadaye habari ya Bikila ilijirudia. Eliud Kipchoge, bingwa wa Olimpiki wa marathoni wa mwaka 2016 na wa mashindano ya Tokyo yaliyofanywa mwaka 2021, mtu aliyekimbia umbali huo mjini Vienna mwaka 2019 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, alikwenda Paris mwaka 2024 akiutafuta ushindi wa tatu. Mgongo ulimwuma. Baada ya kilomita 30 hivi alitembea, kisha akaacha, yeye ambaye hakuwahi kuacha marathoni hata moja. Mshindi wa siku hiyo, Tamirat Tola wa Ethiopia, alikuwa ameingizwa dakika za mwisho mahali pa mwenzake Sisay Lemma, aliyejiondoa kwa sababu ya jeraha. Nadhani Lemma naye anastahili sehemu ya nishani ile, ingawa hakuna jukwaa la kumsimamisha mtu aliyesema ukweli juu ya mguu wake.

Na hapa, msomaji, ndipo jambo hili linapokugusa wewe hasa. Muundi wako hakuna anayeusikia ila wewe. Mwalimu wa michezo anaweza kuona unachechemea, daktari anaweza kupiga picha ya mfupa, mama anaweza kukisia kwa namna unavyoshuka ngazi. Lakini shahidi yuko ndani yako, na mkalimani wake ni wewe peke yako. Cheo hicho ni kizito. Mkalimani anaweza kusema uongo kwa njia mbili. Anaweza kudai maumivu yasiyokuwapo ili akwepe mbio za asubuhi, na uongo huu walimu wanaujua sana. Anaweza pia kuyaficha maumivu yaliyopo ili asipoteze nafasi yake katika timu, na uongo huu walimu wengi huusifu wakauita ujasiri. Mimi nauona wa pili kuwa mbaya kuliko wa kwanza, kwa sababu wa kwanza humpotezea mtu asubuhi moja, na wa pili unaweza kumpotezea mguu.

Katika chuo cha ualimu ninakofundisha, walimu wanafunzi huniuliza watajuaje kama mtoto anayesema "ninaumwa" anasema kweli. Huwajibu kwamba hawatajua daima, na kwamba afadhali kudanganywa na wavivu kumi kuliko kumzoeza mtoto mmoja kunyamaza. Baadhi yao hawakubali. Husema nitaharibu nidhamu ya mchezo, na kwamba bingwa hakupatikana kwa kubembelezwa. Tumebishana juu ya jambo hili mara nyingi, na hoja yao si ya kutupwa. Kuna watoto ambao pasipo kusukumwa wasingegundua kuwa wana nguvu. Lakini kusukuma ni kwa mtu anayeujua mlango. Mwalimu asiyemruhusu mtoto kusema ukweli hajui anasukuma nini.

Kwa hiyo nakuomba ufanye jaribio dogo, usikubali maneno yangu kwa kuwa yamechapwa tu. Siku moja katika juma, acha visikilizio nyumbani. Kama unakaa Kimbo, shika njia ya ndani, si barabara kuu. Kama unakaa kwingine, unaijua njia yako. Nenda polepole. Dakika za kwanza utasikia uchovu wa kukosa wimbo, na huenda ukasikia mawazo yako mwenyewe, ambayo labda ndiyo uliyokuwa ukiyakimbia. Yaache yapite. Sikiliza pumzi, kisha nyayo, kisha tembeza akili kutoka kisigino hadi bega, kama askari wa zamu azungukavyo ua. Ukirudi, kabla ya kunywa maji, weka vidole viwili juu ya kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, hesabu mapigo kwa sekunde 15, zidisha kwa 4. Iandike namba hiyo katika daftari pamoja na neno moja juu ya miguu. Kesho, kabla hujashuka kitandani, hesabu tena.